Mlango Ulifunguka, Hakutoka Mtu

Tuliachana pale nilipomtimua shemeji yangu, nikawatambia kwamba huyo sasa hatusumbui tena. Nilitamba mapema mno. Someni mwone.

Kwa anayeanza leo, mambo ni hivi. Mimi ni kijana wa kupiga pasi katika dobi la shangazi yangu. Juu ya rafu ya sabuni, mbali na mvuke, nina kompyuta kuukuu isiyozimwa, na ndani yake nimejenga mji. Mji huo hauna picha hata moja. Ni maneno matupu. Ukiwa popote penye intaneti unaingia, unaandika "nenda kushoto", nao unakuambia umefika wapi na umemkuta nani. Unaongea na waliomo, wanakujibu. Kila ukuta wa mji huo na kila kisima nimekiandika mimi, kwa vina na mizani nilivyojifunza peke yangu, nikihesabu silabi kwa vidole huku mkono mwingine umeshika pasi.

Dada yangu mkubwa anaishi humo. Nje ya humo sijui anaishi wapi, na hataki nijue. Alimkimbia mumewe alipomvunja mkono kwa mara ya pili. Mumewe ni fundi simu, na hakuna simu katika ukoo wetu ambayo hajawahi kuifungua. Kwa hiyo dada hagusi simu. Akitaka kutujulia hali anaingia mjini kwangu, kwa kompyuta ya duka la fotokopi anakofanya kazi. Ana chumba chake chenye kufuli. Namfuata humo, tunaongea.

Mumewe naye aliingia, kwa jina la Muuza Chumvi. Alinisifia mashairi hadi nikalewa, nikampa zawadi kubwa kuliko zote: joho la giza. Anayelivaa haonekani. Dada naye, bila kumjua, alimpa ufunguo wa chumba chake, akidhani kapata rafiki.

Wiki iliyopita mliona nilivyomgundua. Nikalifuta jina lake, likaenda na joho na ufunguo. Nikamwandika katika orodha ya waliofukuzwa milele.

Sasa sikilizeni milele yangu ilivyokuwa fupi.

Asubuhi moja shangazi alichomeka pasi mbili na mashine ya kukaushia kwa pamoja. Umeme ukakatika dobi zima.

"Shangazi! Nimesema mara ngapi, usichomeke vyote!"

"Hili ni dobi au ni ikulu ya mizimu yako? Washa, uache kunipigia kelele."

Niliwasha. Mji ukaamka, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Kinyozi, mtani wangu, ambaye sijawahi kumwona sura. Nilijua tu kwamba ana kibanda chake cha kunyolea mahali, kwa sababu kila mara alikatiza maneno akisema mteja kakaa kitini.

"Mwenye Mji," aliandika, "umeanza uchoyo? Langoni hapana kitu. Nimesimama mbele ya ukuta mweupe kama nimekuja kuomba kazi."

Nikaenda langoni. Kweli, patupu. Umeme ulipokatika ulikata na shairi langu la lango, lile ambalo kila mgeni analisoma kabla hajaingia. Linaanza hivi:

Simama hapo mgeni, uvue chako kiburi,
Umefika mlangoni, kwa bwana wa mashairi,
Neno lipime moyoni, kabla hujalikariri,
Aingiaye mjini, hatoki bila amri.

Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa shati sokoni.

Na siku yenyewe ilikuwa ile ile. Mchana ule walikuwa wanakuja wageni, kundi la washairi wenye digrii zao, wakiongozwa na mtu wanayemwita Gwiji. Huyo Gwiji aliwahi kuandika mbele ya watu kwamba mimi ni "mshairi wa pasi, mistari yake imenyooka lakini haina mwili." Nilikuwa nimemwalika aje asome lango langu, kisha tujibizane mbele ya mji mzima.

Aje asome nini sasa? Ukuta mweupe?

Kompyuta yangu hujinakili kila inapowaka, na nakala mpya humeza ile ya nyuma. Nakala mpya ilikuwa na lango tupu. Lakini nilikuwa na flashi mfukoni, na ndani yake nakala ya mji mzima niliyoichukua siku kadhaa kabla. Humo shairi lilikuwa zima, beti zote.

"Nairudisha hii," nikamwambia Kinyozi.

"Toa lango peke yake," akajibu. "Ukirudisha mji mzima, tunarudi wote nyuma. Mimi juzi nimenunua mbuzi watatu."

"Kuchomoa chumba kimoja ni kazi ya kutwa nzima. Gwiji anaingia mchana huu."

"Na mbuzi wangu?"

"Watazaliwa tena."

"Haya, bwana mkubwa. Mimi mteja amekaa kitini. Lakini kumbuka umeniulia mbuzi kwa ajili ya mashairi."

Alikuwa anatania. Alinipa ushauri wa bure wa fundi hasa, nikaukanyaga kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nikaichomeka flashi. Mji ukarudi ulivyokuwa siku ile nilipoinakili.

Gwiji alikuja na watu wake. Wakasoma lango kimya. Tukajibizana hadi pasi ikapoa, nami nikamwacha akitafuta kina cha mwisho kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Mji mzima ulinishangilia. Gwiji mwenyewe aliandika: "Nakubali. Kuna mwili."

Siku mbili nilitembea dobini kama nimevaa suti. Shangazi akauliza kama nina mchumba.

Siku ya tatu mama yetu alipasuliwa jicho.

Ni jicho la kulia. La kushoto halioni tangu zamani, kwa hiyo hilo ndilo jicho lake. Nilimpeleka mwenyewe asubuhi, nikangoja akatoka na bandeji, daktari akaniita pembeni.

"Asilie, asishtuke, asiinamishe kichwa," aliniambia. "Leo na kesho ndizo mbaya. Akishtuka, mshono ukaachia, jicho limekwenda na hatulirudishi."

Nesi akasema Mama apumzike ukumbini mpaka jioni ndipo nimchukue. Nikarudi kazini, kwani shangazi alikuwa na mashuka ya hoteli yanayotakiwa siku hiyo hiyo.

Nilipofika, dada alikuwa chumbani kwake, ananingoja.

"Mdogo wangu, upo?"

"Nipo, dada. Umekula?"

"Acha kuniuliza kama mama mkwe. Mama vipi?"

Nikamweleza, na maneno ya daktari pia.

"Nani yuko naye?"

"Nesi anamtupia macho. Mimi namfuata jioni nikimaliza mashuka."

"Umemwacha mama kipofu benchini kwa ajili ya mashuka?"

"Dada, shangazi..."

"Naenda mimi."

"Hapana. Tafadhali."

"Miezi yote hii sijamgusa. Nilimwambia sitakuja nyumbani, na siji nyumbani. Hospitali si nyumbani. Leo hanioni, basi anishike mkono tu. Ni hospitali gani?"

Nilijua kama ningemkatalia angekasirika, na nilijua pia kwamba Mama angefurahi kuliko kupewa jicho jipya. Na nilijiambia: hapa ni ndani, kufuli ni langu, tuko wawili.

"Ile ya macho, nyuma ya kituo cha mafuta," nikaandika. "Ukumbi wa kungojea, benchi la dirishani. Lakini dada, mtu akikutambua njiani?"

"Nani anitambue? Nimenyoa kipara, nimevaa miwani, nimenenepa. Hata wewe utanipita. Hata yeye tukigongana atanipisha njia, aniite mama. Nazima hapa, naondoka sasa hivi."

Skrini ikaandika, kama nilivyoiagiza iandike mtu anapotoka:

Dada anatoka. Mlango unafunguka. Mlango unafungwa.

Nikabaki peke yangu chumbani kwake, nacheka. Kipara! Mama akimpapasa kichwa atasema kaletewa mtoto mchanga. Nikaishika pasi, nikatandaza shuka.

Skrini ikaandika tena.

Mlango unafunguka. Mlango unafungwa.

Nikaweka pasi chini. "Dada? Umesahau nini?"

Nikaandika tena.

"Dada?"

Nilitazama ile mistari miwili. Juu: anatoka mtu, mlango unafunguka, unafungwa. Chini: mlango unafunguka, unafungwa. Mtu hayupo.

Joho la giza nililiandika mwenyewe. Linaficha mwili, linaficha jina, linaficha hata hatua. Lakini mlango haukuvaa joho. Mlango ukifunguliwa husema, lakini kwa waliomo ndani tu, na aliyetangulia kuingia hasikiki.

Mwenye mji anayo amri ya kuorodhesha kila aliyeunganishwa, ajifiche asijifiche. Nani lakini anahesabu watu chumbani wakati anaongea na dada yake? Nikaiandika amri hiyo sasa.

Kinyozi. Mwenye Mji. Muuza Chumvi.

Ndipo nikaelewa nilichokifanya, na sitaki mtu anipunguzie. Ile nakala ya flashi niliichukua kabla sijamfukuza. Niliporudisha beti zangu nilimrudisha na yeye, jina lake, joho lake, ufunguo wa chumba cha dada mfukoni mwake. Orodha ya waliofukuzwa ikarudi tupu kama ilivyokuwa siku ile. Alichohitaji ni kujaribu tu kuingia. Na mtu wa aina yake hachoki kujaribu.

"Umeingiaje?" nikaandika, ingawa nilijua.

Jibu halikuchelewa.

"Umenifungulia mwenyewe, shemeji. Lango limerudi zuri sana. Ule mstari wa kiburi nimeupenda."

"Usithubutu kwenda kule!"

"Kwenda wapi? Nyuma ya kituo cha mafuta? Ni hatua chache tu kutoka dukani kwangu. Niache nimsalimie mama mkwe, ni mgonjwa."

Nilimkata. Nikalifuta jina, nikaandika amri ya kufukuza kwa nguvu mpaka kibodi ikaruka. Kazi bure. Ningefuta mji mzima, ningeichoma kompyuta kwa pasi, maneno yale yangebaki kichwani mwake. Ukumbi wa kungojea. Benchi la dirishani. Kipara, miwani, kanenepa.

Na dada hana simu. Njia ya kumwambia ni ule mji, na dada ameshatoka mjini.

Harufu ya kuungua ikanishtua. Pasi ilikuwa imelala juu ya shuka la hoteli.

"We mtoto!" Shangazi alikuja mbio na mikono ina povu. "Shuka la watu! Umelogwa?"

"Shangazi, shemeji amesikia dada anakokwenda. Anakwenda kwa Mama, hospitali. Sasa hivi!"

Shangazi alisimama. Akajifuta mikono, akatoa simu yake, akampigia Mama.

Ikaita mara nyingi. Kisha ikapokelewa.

"Wifi? Wifi, uko salama?"

Hakuna aliyejibu. Aliniwekea simu sikioni. Nilisikia feni ikilalamika juu ya dari, mtu akikohoa kwa mbali, na karibu kabisa na simu, mtu anapumua. Kisha ikakatwa.

"Kimbia," alisema shangazi. "Mashuka nitajua mwenyewe. Kimbia, mwanangu!"

Nilikimbia na viatu vya dobini, vile vya plastiki. Nilimgonga mwanamke mwenye ndoo, sikuomba radhi. Njia nzima kichwani mwangu kulikuwa na mstari mmoja tu, unanizomea kwa mizani timamu, nane kwa nane: aingiaye mjini, hatoki bila amri. Niliutukana. Nilijitukana.

Getini mlinzi alinizuia, akitaka niandike jina. Nilimwambia mama yangu ni kipofu na yuko peke yake. Akanipisha.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye bandeji, wametulia kama wanaosikiliza redio. Kwenye benchi la dirishani alikaa Mama, mgongo wima, mikono mapajani, kama alivyoagizwa.

Pembeni yake alikaa shemeji.

Alikuwa ameweka mkoba wa Mama magotini. Simu ya Mama ilikuwa kiganjani mwake. Aliponiona aliinua kidole, akakiweka midomoni.

"Umefika, mwanangu?" Mama alisema kabla sijafungua mdomo. "Nimezijua hatua zako, unakokota viatu kama baba yako. Mbona unahema? Umekimbia?"

"Kidogo, Mama."

"Kaa. Kuna kijana mwema hapa kanishikia mkoba. Nimemshukuru wee, hajibu. Maskini, nafikiri ni bubu." Akapunguza sauti. "Namwombea."

Shemeji alitabasamu. Akaandika kitu kwenye simu ya Mama, akaigeuza niisome.

KAA, SHEMEJI. MKUMBUKE DAKTARI. USIMSHTUE MZEE.

Alikuwa amesikia kila kitu, hata la daktari.

Wasomaji, mnajua mimi si mtu wa kukalishwa. Nimemjibu Gwiji mbele ya watu, nimemfukuza mwenye nyumba kwa beti nne. Nilitaka kumkamata shingo palepale. Lakini kati yetu alikaa Mama, na chini ya bandeji ile kulikuwa na uzi mwembamba ulioshikilia jicho lake la mwisho. Nikipiga kelele, anashtuka. Nikisema jina la mtu yule, anashtuka mara mbili.

Nikitoka nikamngoje dada getini, shemeji atanifuata nyuma.

Nikakaa.

"Hewa ya hapa ni nzito," alisema Mama. "Umemaliza mashuka?"

"Nimemaliza, Mama."

Watu waliingia. Mzee na mjukuu. Nesi na sinia. Kila mlango ulipofunguka nilitaka kugeuka, na kila nilipotaka kugeuka nilihisi kitu kikiniwasha shavuni. Nikaelewa polepole kwa nini alinitaka nikae. Shemeji hakuwa akitazama mlango hata kidogo. Mkewe kipara, mwenye miwani, mnene, hakumjua, na hakutaka kukosea mbele za watu. Alikuwa akiyatazama macho yangu. Alingoja yamwonyeshe.

Basi niliyafunga mahali pamoja. Ukutani mbele yangu palikuwa na lile bango la herufi wanalosomeshwa wagonjwa, kubwa juu, ndogo chini. Nikashuka nalo mstari kwa mstari, kisha nikapanda. Nilihesabu silabi za maneno ambayo hayakuwapo.

Mlango ukafunguka.

Kwa pembe ya jicho niliona miwani. Niliona kichwa kisicho na nywele chini ya mwanga wa taa, na mkono wa kushoto uliopinda kidogo kwenye kifundo, palipovunjika.

Sikumtazama. Naapa mbele yenu nyote, sikumtazama. Sikupepesa, sikumeza mate. Nilisoma herufi ndogo za chini kabisa kama mtu anayedai miwani mipya.

Naye akasita. Lazima alimwona mumewe. Nilizisikia hatua zake zikikatika katikati ya ukumbi, karibu sana nasi, kisha zikageuka polepole, zikianza kurudi zilikotoka.

Shemeji aliniangalia, akamtupia macho yule mwanamke mnene anayeondoka, akaniangalia tena. Akapiga miayo.

Nilishinda. Kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, nilikuwa nimeshinda kitu bila kusema neno.

Kisha Mama akainua uso. Hakushtuka, wala hakulia. Alifanya yote kama daktari alivyotaka, taratibu, kichwa kikiwa wima, na tabasamu likifunguka chini ya bandeji. Akanyoosha mikono yote miwili kuelekea mlangoni.

"Hatua hizo nazijua hata nikiwa kaburini," alisema, na ukumbi mzima ukamsikia. "Kifungua mimba wangu! Unakwenda wapi? Niko huku. Njoo, mama, njoo unishike."

Hatua zikasimama.

Muuza Chumvi akauweka mkoba chini, kwa adabu, akasimama.